Kibali cha Viwanja Kinapokwisha Muda Wake

Ndugu askari wa Jeshi la Ulinzi la Taifa, ndugu polisi, na ninyi nyote mnaotusikiliza kambini, vituoni na kwenye lindo: mazungumzo yetu ya leo yanahusu barua moja ya ofisini. Si amri ya kikosi, wala si hati ya kumkamata mtu. Ni ile barua ambayo mwenye mradi wa viwanja vya nyumba huwaandikia wakuu wa mipango miji akisema: muda mlionipa umekwisha, kazi haijamalizika, naomba niongezewe muda.

Mtu asiyefuatilia mambo ya ardhi anaweza kudhani kwamba barua ya namna hiyo inahitaji mhuri tu. Mradi ulikwisha kubaliwa, ramani ilikwisha chorwa, na kilichochelewa ni kazi. Kwa nini basi tupoteze dakika za redio kwa jambo la makarani? Jibu ni kwamba katika mji wa Bujumbura, uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, uamuzi wa kumwongezea mtu muda juu ya ardhi ni uamuzi unaogusa maisha ya familia nyingi. Tena unawagusa ninyi kwa njia mbili. Kwanza, wengi wenu mnaweka akiba au mnakopa ili mpate kiwanja cha kujengea. Pili, ugomvi wa kiwanja unapochacha, ninyi ndio mnaoitwa. Ni haki yenu kujua ugomvi huo ulianzia kwenye karatasi gani.

Tuanze na maana ya kibali chenyewe. Kugawa ardhi kuwa viwanja si kupiga kamba na kusimika vigingi. Ni kazi yenye hatua zake. Kwanza hujulikana ardhi ni ya nani: ya serikali, ya mtu mwenye hati, au ni itongo, yaani ardhi ya ukoo iliyorithiwa kwa mila. Kisha huchorwa ramani inayoonyesha viwanja, barabara, mifereji ya maji ya mvua, na mahali pa shule, zahanati na soko. Ramani hiyo hupelekwa kwa mamlaka. Ikikubaliwa, hufunguliwa barabara, huchimbwa mifereji, huletwa maji na umeme wa REGIDESO, na mpima ardhi huweka mawe ya mipaka. Mwishoni mwenye kiwanja huandikishwa apate hati yake. Burundi ina sheria za kusimamia kazi hizo: Sheria ya Ardhi ya tarehe 1 Septemba 1986, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa tarehe 9 Agosti 2011, na Sheria ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi ya tarehe 12 Agosti 2016. Utekelezaji wa mipango miji umekabidhiwa OBUHA, ofisi ya serikali inayoshughulikia miji, makazi na ujenzi.

Mji wetu wenyewe ni shahidi wa faida ya kupanga kabla ya kujenga. Mtu akitembea Buyenzi, anaona barabara zilizonyooka, zenye namba, zinazokatana kwa mpango, hata mgeni hapotei. Akivuka kwenda Ngagara, anafika katika mtaa ulioanza kujengwa katika miaka ya 1950 na Ofisi ya Miji ya Waafrika ya serikali ya Wabelgiji. Mpaka leo wazee huuita OCAF, kwa jina la ofisi hiyo. Utawala wa kikoloni ulipanga mitaa hiyo kwa makusudi yake, ukiwatenga watu kwa rangi, na jambo hilo hatulisifu. Lakini barabara iliyoachwa wazi tangu mwanzo bado inapitisha gari la wagonjwa hadi leo. Mahali ambapo nyumba zilitangulia na barabara ikafuata, kuipitisha barabara hiyo baadaye kunahitaji kuvunja, kulipa fidia na kugombana.

Sasa, kwa nini kibali kiwe na mwisho? Ziko sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba ardhi ya mji ni chache, na haifai mtu mmoja aishike kwa karatasi miaka nenda miaka rudi huku wengine hawana pa kulala. Ya pili ni kwamba kibali hutolewa kwa kuangalia hali ya siku ile: mto ulipopita, idadi ya watu, uwezo wa bomba la maji. Hali ikibadilika, kibali nacho huzeeka. Ya tatu ni kwamba muda unapokwisha serikali hupata nafasi ya kuuliza maswali tena. Bila ukomo, mwenye mradi akishapata mhuri wake hawajibiki tena kwa mtu.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa njia mbalimbali. Uingereza iliweka ukomo wa muda kwa sheria ya 1968. Kwa kawaida kazi ilipaswa kuanza ndani ya miaka 5, na kwa sheria ya 2004 muda huo ukapunguzwa kuwa miaka 3, na aliyechelewa kwa kawaida akatakiwa aombe kibali kipya. Ufaransa humpa mwenye mradi miaka 3, na kumruhusu kuomba nyongeza ya mwaka mmoja mmoja mara 2, ila kwa sharti kwamba kanuni za mipango ya mahali hapo hazijabadilika kwa namna inayoupinga mradi wake. Katika jimbo la California huko Marekani, ramani ya awali ya viwanja huishi miezi 24, na inaweza kuongezewa muda. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipowaangusha wajenzi, bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria zaidi ya mara moja za kuzirefushia maisha ramani zilizokuwa bado hai. Nchi hizo tatu zimetoa majibu yanayotofautiana, lakini zote zinakiri kwamba muda una thamani, na kwamba anayeomba zaidi anapaswa kueleza sababu.

Sababu za kuchelewa si lazima ziwe za hila. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imepata taabu kubwa ya mafuta ya magari, na tingatinga lisilo na mafuta halichimbi mfereji. Mabomba, nyaya na mashine nyingi hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, ambazo hazipatikani kwa urahisi. Kesi ya mipaka inaweza kukaa mahakamani hata baada ya ramani kukubaliwa. Mtu mwenye sababu kama hizo, anayeweza kuonyesha kazi aliyokwisha kuifanya, anastahili kusikilizwa kwa heshima.

Lakini yuko na mwingine. Huyu amepata kibali, akasimika mawe ya mipaka, akapokea malipo ya kwanza ya wanunuzi, kisha akakaa kimya. Hajachelewa kwa kukosa mafuta. Anangoja bei ya ardhi ipande. Kila mwaka unaopita, barabara ambayo serikali imeijenga jirani kwa fedha za umma inaongeza thamani ya ardhi asiyoigusa. Kwa mtu huyo nyongeza ya muda ni zawadi, na wanaoigharimia ni wale wasio na nyumba.

Mwenye mamlaka atawatofautishaje watu hawa wawili? Si kwa kuangalia suti wala gari. Ni kwa kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: je, ardhi yenyewe bado ni ile ile? Katika Bujumbura swali hili si la mzaha. Ziwa Tanganyika halitulii mahali pamoja. Mnamo 1878 lilipanda juu kuliko kimo tunachokijua sisi, kisha maji yakafungua njia kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka. Baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961 likapanda tena, na mwaka 1964 likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Miaka ikapita, maji yakarudi nyuma, watu wakasahau, na viwanja vikakatwa karibu na ufuko. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa likarudi kwenye kimo kama kile, na wakazi wa Kibenga na sehemu nyingine za ufukoni wakaona maji yakiingia nyumbani. Huko Gatumba, Mto Rusizi ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, maelfu ya watu walihama, na wengine wao wakaishia katika kambi ya Maramvya.

Upande wa milimani nako kuna hatari yake. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua iliyonyesha kwa saa chache iliporomosha maji na matope kutoka milimani hadi Kamenge, Kinama na Carama. Zaidi ya watu 60 walikufa na mamia ya nyumba zikabomoka. Kingo za Mto Ntahangwa nazo zimekuwa zikimeguka, zikizisogelea nyumba za Mugoboka na Kigobe. Kila kilima kinapovuliwa miti na kuvikwa mabati, maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo hukimbia chini kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mradi uliopo juu unaweza kuwa salama wenyewe, na huku unawazamisha walio chini.

Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usioruhusiwa kujengwa ovyo, na imeweka mipaka yake pia kwa mito. Ramani iliyochorwa wakati maji yamerudi nyuma haina budi kupimwa upya kwa kamba ya sheria hiyo kabla muda wake haujaongezwa. Ikiwa viwanja vimeingia katika ukanda huo, au ikiwa korongo limesogea, jibu la haki ni kukataa au kuondoa viwanja hivyo katika ramani. Mtu asiambiwe kwamba ana kiwanja mahali ambapo kwa kweli pana njia ya maji.

Swali la pili: je, kazi gani imekwisha kufanyika, na je, ramani inayoombewa muda ni ile iliyokubaliwa? Tuchukue mfano wa hesabu. Mradi wa hekta 10 umekubaliwa kuwa na viwanja 200, kila kimoja mita za mraba 300. Viwanja hivyo vinachukua hekta 6. Hekta 4 zinazobaki ni za barabara, mifereji, shule na uwanja wa watoto. Sasa mwenye mradi anaomba miaka 3 zaidi pamoja na kile anachokiita marekebisho madogo: viwanja viwe 230. Viwanja 230 vinachukua hekta 6 na sehemu 9 za kumi. Hiyo karibu hekta 1 iliyoongezeka imetoka wapi? Haikutoka mbinguni. Imetoka kwenye mfereji, kwenye upana wa barabara au kwenye uwanja wa shule. Ombi la muda lisiwe mlango wa nyuma wa kubadilisha mradi. Anayetaka kubadilisha ramani aiwasilishe upya, ikaguliwe upya.

Swali la tatu: je, waliokuwa na ardhi hiyo wamelipwa? Katiba yetu inasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, kwa njia zilizowekwa na sheria, na kwa fidia ya haki inayotangulia. Neno hilo “inayotangulia” lina uzito. Mkulima aliyeambiwa aache kupanda mpunga kwa sababu shamba lake limeingia katika ramani ya viwanja, naye hajapewa fidia wala kiwanja cha badala, anaishi kati ya njaa na ahadi. Kumwongezea mwenye mradi muda bila kuuliza habari za mkulima huyo ni kumwongezea mkulima muda wa njaa. Nchi hii inajua vizuri gharama ya machungu ya ardhi. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, ilibidi iundwe Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanza kazi mwaka 2006, ili kusikiliza malalamiko ya watu waliorudi kutoka uhamishoni wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Tusipande leo mbegu za kesi za watoto wetu.

Swali la nne: je, waliokwisha kulipa wako wapi? Hapa tunafika kwenu, ndugu wasikilizaji. Tuseme sajini mmoja alikopa mkopo wa miaka 5, unaokatwa katika mshahara wake kila mwezi, akalipa kiwanja. Miaka 2 imepita. Mwenye mradi akiongezewa miaka 3, sajini huyo atamaliza deni siku ile ile anayokabidhiwa kiwanja, kama atakabidhiwa. Miaka yote hiyo amelipa deni kwa mkono mmoja na kodi ya nyumba ya kupanga kwa mkono mwingine. Hakuna aliyemwita ofisini kumuuliza maoni yake, ingawa fedha zake ndizo zilizouendesha mradi.

Wapo watakaosema: basi mwenye mradi anyimwe muda, iwe fundisho kwa wengine. Neno hilo linavutia, lakini lina kasoro. Kibali kikifa, wa kwanza kuumia si tajiri, maana yeye amekwisha kupokea. Wanaoumia ni akina sajini, wanaobaki na stakabadhi za kiwanja kisichotambuliwa na ofisi yoyote. Nayo ardhi iliyokwisha kufunguliwa na kuachwa bila mifereji hugeuka korongo kwa mvua mbili tatu.

Kwa hiyo njia iliyo bora, pale ambapo ardhi ni salama na kazi imekwisha anza, ni kutoa muda kwa masharti yanayopimika. Muda uwe mfupi, ugawanywe kwa hatua: mifereji ikamilike kabla ya mvua za Februari hadi Aprili, barabara zifuate, kisha maji na umeme. Hatua moja isipotimizwa, nyongeza ikome hapo. Mwenye mradi aweke dhamana benki, ili akishindwa, serikali iwe na fedha za kuimalizia kazi. Malipo mapya ya wanunuzi yasipokelewe mpaka waliotangulia wakabidhiwe viwanja vyao. Waliotoa ardhi walipwe kabla ya sahihi kutiwa. Na ombi lenyewe libandikwe kwenye ofisi ya tarafa na ya mtaa, ili wakazi, wazee na wanunuzi wapate kulisema walijualo. Mkuu wa mtaa na wazee wa kilima mara nyingi wanaijua njia ya zamani ya mto kuliko mchoraji aliyeko ofisini.

Sasa, yako mambo ambayo askari na polisi anaweza kuyafanya yeye mwenyewe. Unapokuwa mnunuzi, usilipe kwa kuonyeshwa mawe ya mipaka. Omba uone kibali, usome tarehe yake ya mwisho, na uende ofisi ya hati za ardhi uulize ardhi imeandikwa kwa jina la nani. Kiulize kikosi chako kama wenzako wamelipa mahali hapo, na kama yupo aliyekwisha kupata hati. Nenda ukakione kiwanja wakati wa masika, maana mahali palipokauka mwezi wa Julai pengine ni ziwa mwezi wa Aprili. Risiti ihifadhi kama unavyohifadhi kitambulisho chako. Hilo si kosa la adabu kwa muuzaji. Mwenye haki hachukizwi na maswali.

Unapokuwa kazini, kumbuka kwamba sare unayoivaa si ya mwenye mradi wala ya anayempinga. Ukiitwa kulinda tingatinga, omba uone amri iliyoandikwa na mwenye madaraka, na uone kama kibali kinachotajwa bado kiko hai. Mtu anayekuonyesha karatasi iliyokwisha muda hana haki zaidi ya asiye na karatasi. Wakati wa zamu usifanye kazi ya ulinzi kwa malipo ya mfanyabiashara, wala usikubali kiwanja cha bure kwa ahadi ya kumsaidia baadaye, kwani siku wananchi watakapolalamika utakuwa umekwisha kujifunga mdomo. Na ukikuta watu wanagombana, waelekeze kwa mkuu wa mtaa, kwa Bashingantahe na kwa mahakama kabla mapanga hayajatoka.

Mwaka 2008, wakati wa sensa, Bujumbura ilikuwa na karibu watu 500,000. Tangu wakati huo mji umesambaa sana kuelekea kaskazini na kusini, na hata baada ya makao makuu ya kisiasa kuhamishiwa Gitega mwaka 2019, umeendelea kuwa mji wa biashara na bandari wenye kuvuta watu. Viwanja vitatakiwa, na wenye miradi watahitajika. Hatuwachukii. Mtu anayechimba mfereji wake kwa wakati na kuwakabidhi watu hati zao ni mjenzi wa taifa kama walivyo wajenzi wengine.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wao hao walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mkuu anayeketi na barua ya nyongeza ya muda mezani pake anapaswa kuzikumbuka methali zote mbili: asimsukume mwenye mradi ajenge ovyo, wala asimwache awangojeshe watu bila mwisho. Kabla hajatia sahihi, na aende akalione eneo lenyewe, mvua ikiwa inanyesha, akiwa pamoja na mkulima asiyelipwa na sajini asiyekabidhiwa kiwanja chake.